Kipimo cha jeni cha kuku kikaguliwe kabla ya kuwekwa kwa kanga na bata

Mhariri,

Kwenye kaya nyingi za Mtwara na Lindi kuku, kanga na bata hudonoa pumba kwenye uwanja mmoja. Kideri kikiingia, kuku hufa wengi, kanga nao huugua, lakini bata mara nyingi huendelea na shughuli zao dimbwini. Wafugaji wanalijua hilo siku nyingi. Maabara za leo zinaweza kusogea hatua nyingine na kuuliza ni jeni gani ziliamka mapema mwilini mwa bata, na zikachelewa mwilini mwa kuku. Swali hilo linastahili kupimwa hapa hapa Kusini, kwa ndege wetu wenyewe. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba wengi wanaoanza kazi hii huchukua kipimo kilichoandaliwa kwa kuku wakakitumia kwa kanga na bata bila kukikagua. Mashine haitakataa. Namba zitatoka, grafu zitachorwa, na jibu litakuwa la uongo.

Watu wa Kusini hawahitaji somo refu kuhusu vipimo. Mkulima wa Tandahimba anajua kwa nini mizani ya chama cha msingi inatakiwa iwe na stika ya Wakala wa Vipimo, na anajua kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa vipimo visivyo rasmi, ilivyowapunja watu kwa sababu kipimo kilikuwa mkononi mwa mnunuzi peke yake. Kwenye jeni, mizani yenyewe ni jeni nyingine.

Tufafanue. Jeni inapofanya kazi, seli hutoa nakala za RNA mjumbe. Maabara huigeuza RNA hiyo kuwa DNA (iitwayo cDNA) kwa kimeng'enya, kisha mashine ya PCR huizidisha maradufu kila mzunguko huku ikisoma mwanga. Sampuli yenye nakala nyingi huanza kung'aa mapema, na namba ya mzunguko inapoanza kung'aa huitwa Ct. Tofauti ya mzunguko mmoja ni sawa na mara mbili, na tofauti ya mizunguko 3.3 ni sawa na mara 10. Lakini hakuna sampuli mbili zinazolingana kabisa kwa wingi wa nyama, usafi wa RNA au kazi ya kimeng'enya. Ndiyo maana kila jeni inayochunguzwa husomwa sambamba na jeni rejea, ile inayodhaniwa kufanya kazi kwa kiwango kilekile daima. Tatizo zima limo kwenye neno "inayodhaniwa".

Jeni rejea zinazopendwa ni GAPDH, ACTB na 18S, na kila moja ina kasoro yake. GAPDH inahusika na uvunjaji wa sukari, kwa hiyo hubadilika ndege akishinda njaa, na ndege mgonjwa wa kideri huacha kula. ACTB hutengeneza nyuzi zinazoupa mwili wa seli umbo na mwendo. Seli za kinga zikianza kuhama kuelekea kwenye bandama au mapafu, nayo huhama nazo. 18S ni nyingi kupita kiasi: huonekana karibu na mzunguko wa 10 wakati jeni ya kinga unayoitafuta inaonekana kwenye 28. Ni kama kupima hina kwenye mizani ya magunia. Tena 18S haina mkia wa herufi A, kwa hiyo ukigeuza RNA kwa praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili) inayoshika mkia huo peke yake, kiasi utakachosoma hakina maana. B2M ndiyo mbaya zaidi kwa utafiti wa magonjwa, kwa kuwa ni sehemu ya mfumo wa kinga wenyewe na hupandishwa na intaferoni, protini za ishara ya kupambana na virusi. Ukiitumia kama rejea kwa ndege aliyeambukizwa, unakuwa umeishusha jeni unayoipima kwa mkono wako.

Haifai basi kuuliza ni jeni gani iliyo bora kwa ndege, maana hakuna jeni ya namna hiyo. Iliyotulia kwenye ini la kuku inaweza kuyumba kwenye bandama ya bata. Jibu hupatikana kwa kupima wagombea kadhaa kwanza. Angalau jeni 8 zijaribiwe kwa sampuli 10 za kila aina ya ndege wa utafiti, wagonjwa kwa wazima, madume kwa majike. Zichaguliwe kutoka kazi tofauti za seli: TBP ya kuanzisha unakili, HMBS ya kutengeneza hemu (sehemu ya damu yenye chuma), SDHA ya nishati, YWHAZ ya mawasiliano, HPRT1, TFRC, RPL13 ya ribosomu, pamoja na GAPDH au ACTB kwa kulinganisha. Usiweke RPL4 na RPL13 pamoja. Zote ni za ribosomu, hupanda na kushuka kwa pamoja, na hesabu ya geNorm, programu ya kupima utulivu wa jeni rejea, itazisifu mbili hizo kuwa zimetulia kwa sababu tu zinafuatana.

geNorm ilitolewa mwaka 2002 na Jo Vandesompele na wenzake wa Ghent, Ubelgiji. Huipa kila jeni thamani ya M, na kadiri M inavyokuwa ndogo ndivyo jeni ilivyotulia. Kwa tishu ya aina moja tafuta M isiyozidi 0.5, kwa mchanganyiko wa tishu au wa ndege wa aina tofauti, hata 1 inakubalika. Pia huonyesha kama jeni mbili zinatosha au inahitajika ya tatu: thamani ya V ikishuka chini ya 0.15, ya ziada haina faida. Kwa anayelinganisha aina za ndege, geNorm peke yake haitoshi. NormFinder, iliyotolewa mwaka 2004 na Claus Andersen na wenzake huko Denmark, inakuruhusu kuyataja makundi, yaani kuku kundi lake, kanga lake na bata lake. Kisha inatenganisha mtikisiko wa ndani ya kundi na tofauti kati ya kundi na kundi. Jeni iliyotulia kabisa ndani ya kuku, ikatulia kabisa ndani ya bata, lakini kwa bata ikawa mara nne ya ile ya kuku, geNorm inaweza isiikemee vya kutosha, NormFinder itaikemea. Programu hiyo inahitaji sampuli 8 kwa kila kundi. Mwisho chukua wastani wa kijiometri wa jeni mbili au tatu zilizofaulu, wala usitegemee moja.

Kuna wanaolalamika kwamba majaribio hayo yanakula kemikali. Hesabu yake kwa kila aina ya ndege ni hii: sampuli 10 mara jeni 8 mara marudio 2 ni visima 160 vya sahani ya PCR. Ongeza visima 16 vya maji matupu na visima 10 vya sampuli zisizotiwa kimeng'enya cha kugeuza, unapata 186. Sahani mbili za visima 96 zinatosha na visima 6 vinabaki. Mistari ya viwango, inayopima ufanisi wa praima, huhitaji sahani nyingine moja kwa kila aina ya ndege: jeni 8, miyeyusho 5 iliyopunguzwa mara kumi kumi, marudio 2, visima 80. Kama mradi una fedha za kusafiri hadi Liwale kuchukua sampuli, una fedha za sahani hizo.

Sasa praima, na hapa ndipo kazi nyingi za kulinganisha ndege huharibikia. Kuku na bata walitengana katika ukoo zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Kanga ni ndugu wa karibu zaidi wa kuku, lakini naye ana herufi zake. Protini zinaweza kufanana sana huku herufi za DNA zikitofautiana, hasa ile ya tatu katika kila kodoni, yaani kila kundi la herufi tatu. Praima ya kuku ikikosa herufi moja tu upande wa mwisho wake, ule ambako kimeng'enya huanzia kazi, nakala huchelewa kwa mizunguko kadhaa. Mtafiti ataona jeni ya kanga "imelala" kumbe ni praima iliyoshindwa kushika.

Hata kasoro isiyoonekana kwa macho ina gharama. Tuseme kwa kuku nakala huzidishwa mara 2.0 kila mzunguko na kwa kanga mara 1.8. Baada ya mizunguko 25 tofauti hiyo peke yake imezaa pengo la karibu mara 14. Hata 1.9 dhidi ya 2.0 hutoa pengo la mara 3.6, na tofauti za ukubwa huo ndizo huandikwa kuwa ugunduzi. Kwa hiyo mstari wa viwango uchorwe upya kwa kila aina ya ndege, kwa kutumia cDNA ya ndege huyohuyo. Mteremko wa -3.32 ni ufanisi wa asilimia 100. Kati ya -3.6 na -3.1, yaani asilimia 90 hadi 110, unakubalika. Hesabu ifanywe kwa kanuni ya Pfaffl ya mwaka 2001 inayoingiza ufanisi halisi. Ile ya kutoa Ct mara mbili inachukulia kwamba kila kitu huzidishwa mara mbili kamili.

Praima zenyewe zitungwe kutoka sehemu ambazo kuku, kanga na bata wanafanana herufi kwa herufi. Mfuatano wa jenomu zao uko wazi kwa kila mtu: wa kuku tangu 2004, wa bata mzinga 2010, wa bata na wa njiwa 2013, wa kanga 2019. Kipande kiwe cha herufi 70 hadi 150, na urefu uwe uleule kwa ndege wote. Praima moja ikae juu ya kiungo cha eksoni mbili, yaani vipande vya jeni vinavyobaki kwenye RNA mjumbe. Baada ya mzunguko wa mwisho angalia mkunjo wa kuyeyuka: kilele kimoja kwa kila ndege. Kisha peleka kipande kimoja cha kila ndege kisomwe herufi zake, ujue kweli ni jeni uliyoikusudia. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote.

Damu ina mtego wake, na wanaotoka kwenye utafiti wa binadamu au ng'ombe hunaswa kwa urahisi. Chembe nyekundu za ndege zina kiini. Tone la mikrolita 10 limejaa DNA kiasi cha kuziba hata kichujio cha kusafishia RNA. Usichukue zaidi ya hapo kwa kila tyubu, na RNA itibiwe kwa DNase (kimeng'enya kinachokula DNA), yuniti 1 kwa kila mikrogramu 1, nyuzi 37 kwa dakika 30. Kisha hakikisha: sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza ichelewe angalau mizunguko 7 nyuma ya iliyotiwa. Mizunguko 7 ina maana DNA iliyochafua haifiki asilimia 1. Mizunguko 5 ni asilimia 3, na kwa jeni isiyo na nakala nyingi hiyo ni kubwa mno. Damu ichukuliwe kwenye tyubu yenye EDTA ya kuzuia damu isigande, kamwe isiwe ya heparini, kwa sababu heparini hufuatana na RNA hadi mwisho na kuizuia PCR.

Kuna jambo la pili kuhusu damu hiyo. Kwa kuwa chembe nyekundu ni zaidi ya 100 kwa kila chembe nyeupe moja, na zenyewe zina RNA, sehemu kubwa ya unachosoma ni sauti ya chembe nyekundu. Ndege akiugua, uwiano wa chembe nyeupe hubadilika. Jeni ya kinga itaonekana imepanda mara mbili bila seli hata moja kuongeza kazi yake. Seli zenye jeni hiyo ndizo zimeongezeka. Paka damu kidogo kwenye kioo cha hadubini, hesabu chembe nyeupe, uandike hesabu hiyo kando ya kila Ct. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila ndege.

Jinsia nayo isipuuzwe. Jogoo ana kromosomu mbili za Z, tetea ana Z moja na W moja. Mamalia jike huzima X moja ili mambo yalingane. Ndege hawana usawazishaji kamili wa namna hiyo, kwa hiyo jeni nyingi za Z hufanya kazi zaidi kwa dume. Kwa kuku, jeni za intaferoni alfa na beta ziko kwenye Z, yaani zilezile anazozitafuta mtu wa kideri. Ukiwa na majogoo wengi kwenye kundi la wazima na matetea wengi kwenye kundi la wagonjwa, umepima jinsia. Jeni rejea isitoke kwenye Z. Kwa kanga, ambao dume na jike ni vigumu kuwatofautisha kwa macho, tumia PCR ya jeni ya CHD1: majike hutoa vipande viwili vya urefu tofauti, madume kimoja.

Kisha kuna jeni ambazo hazipo, na ambazo huonekana kana kwamba hazipo. Mwaka 2010 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba bata ana RIG-I, kinusio cha RNA ya virusi, na kuku hana. Kuandika kwamba RIG-I "haifanyi kazi" kwa kuku ni kosa. Hakuna cha kufanya kazi. Upande wa pili, TNF-alfa ya kuku, jeni ya kuwasha uvimbe wa kinga, iliaminika kwa miaka mingi kuwa haipo, hadi ilipoelezwa mwaka 2018. Ilikuwa imejificha kwenye eneo lenye herufi G na C nyingi mno, ambalo mashine za kusoma na PCR ya kawaida hazilimudu. Leptini, homoni ya shibe, nayo ilikuwa na mkasa wa namna hiyo. Ukikosa nakala kwenye jeni ya aina hii, ongeza betaini au DMSO asilimia 5 kwenye mchanganyiko na ujaribu tena kabla ya kutangaza kwamba ndege hana jeni. Wanaosoma RNA yote kwa mashine kubwa badala ya PCR hawajaepuka mtego huu: kama orodha ya jeni za kanga ina mapengo, RNA ya kanga itakosa mahali pa kuhesabiwa, naye ataonekana mnyonge kuliko kuku. Walinganishe tu jeni zenye mwenza mmoja kwa mmoja katika ndege wote.

Hayo yote ni bure kama RNA imeshaoza kabla ya kufika maabara, na joto letu haliisamehe. Kuku aliyeletwa kwenye tenga juani tangu asubuhi ameshapandisha HSP70, jeni ya msongo wa joto, na nyingine nyingi zimeshabadilika. Ndege achukuliwe sampuli palepale anapofugwa, kivulini, ndege wote saa ileile ya siku kwa kuwa jeni nyingi hufuata saa ya mwili. Kutoka kuchinjwa hadi nyama kuzama kwenye dawa ya kuhifadhia zisipite dakika 10. Toa bandama kabla ya kugusa utumbo, maana kongosho lina vimeng'enya vinavyokula RNA kuliko kiungo chochote. Mwanafunzi ajue pia kwamba bandama ya kuku ni ya mviringo na ya bata ina pembe tatu. Si ajabu kukuta aliyezoea kuku amekata kitu kingine kwa bata.

Kwa wilayani, dawa inayofaa ni kimiminika cha salfati ya amonia cha kuhifadhia RNA. Nyama ya gramu 0.1 kwenye mililita 1, ikatwe isizidi milimita 5 kwa unene ili dawa ipenye. Kwenye nyuzi 25 inadumu wiki moja, kwenye nyuzi 37 siku moja tu. Ndani ya gari lililoegeshwa Masasi mchana, siku hiyo moja haifiki. Boksi la baridi lenye barafu, hata barafu ya wauza samaki, linatosha kwa safari ya karibu kilomita 200 hadi Mtwara. Ikifika, ilale usiku mmoja kwenye nyuzi 4, ndipo iingie friza. Ikigandishwa kabla dawa haijapenya, katikati ya kipande huharibika. Friza iwe na kipimajoto kinachokumbuka joto la juu kabisa, kwa sababu umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, asubuhi hakuna atakayejua. Na tahadhari moja kwa anayetumia dawa ya fenoli na guanidini kutoa RNA: mabaki yake yasikutane kamwe na dawa ya klorini ya kusafishia meza, hutoa gesi ya sumu.

Kabla ya kugeuza RNA, ipitishe kwenye jeli ya agarosi. Mistari miwili iliyo wazi, wa 28S mzito karibu mara mbili ya wa 18S, ni dalili njema. Ukungu mtupu ni sampuli ya kutupa. Ukiwa na mashine ya kutoa RIN, yaani alama ya uzima wa RNA, usikubali chini ya 7, na muhimu zaidi usilinganishe kuku wenye 9 na bata wenye 6. Tumia mikrogramu 1 ya RNA kwa kila sampuli, bila kubahatisha.

Muulizeni pia mfugaji kuhusu chanjo. Tone la I-2, chanjo ya kideri, jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi 3, huamsha jeni za kinga zilezile. Ndege aliyechanjwa wiki iliyopita hawezi kuwekwa kundi moja na asiyechanjwa. Tarehe hiyo mara nyingi anayo mchanjaji wa kijiji kwenye daftari lake.

Tunawaomba wasimamizi wa utafiti na maofisa mifugo wanaopokea ripoti za kazi hizi wazikatae zile zinazosema tu "tulitumia GAPDH". Mwongozo wa MIQE wa kuripoti kazi za PCR, uliotolewa mwaka 2009 na Stephen Bustin na wenzake, unataja nini cha kuandika. Kwa ndege wa Kusini tungetaka jedwali lenye mfuatano wa kila praima, ufanisi wake kwa kuku, kwa kanga na kwa bata kila mmoja peke yake, thamani za M, jinsia, tarehe ya chanjo, hesabu ya chembe nyeupe, na Ct ghafi zote, hata za sampuli zilizoshindwa. Nakala ya jedwali hilo ibaki ofisi ya mifugo ya wilaya ambako ndege walitoka, ili atakayekuja mwaka kesho asianze tena na praima ambazo mwenzake alishaona hazishiki kwa kanga.

Wasomaji wako wa fani ya maabara ya mifugo,
Mtwara Mjini